Meno Waliyonipa Mtandaoni

Mwanamke wa Masama alifika kwangu asubuhi, nikiwa nimeinama nakusanya mavi ya ng'ombe. Alikuja akiyumba kwenye njia ya migomba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika chupa tupu. Sikumjua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi na magoti hayo?"

"Masama. Ndiyo yaliyonileta, haya magoti. Nimekuja kuchukua dawa."

"Dawa gani?"

Akacheka kama mtu anayejua anataniwa. "Si ile yako, bibi."

Nikamwambia dawa niliyo nayo ni ya kuua kupe wa ng'ombe, akitaka nimnyunyizie. Hakuondoka. Alichomoa simu kifuani, akaifuta kwa kanga, akanisogezea machoni.

Nilikuwa mimi. Kitenge changu cha rangi ya boga, kigoda changu, kilemba changu nilichokifunga upande. Nyuma yangu masale ya mpakani. Mdomo ulikuwa unacheza na sauti ilikuwa yangu kabisa, hata ule mkwaruzo unaonipata nikisema sana. "Wapendwa," nilikuwa nasema, "mimi bibi yenu niliteswa na magoti. Sasa napanda na kushuka mlima kama binti." Halafu nikataja dawa, nikataja namba ya kupiga, nikacheka.

Nilipocheka ndipo nikaona meno. Yote. Meupe, yamepangana kama mahindi mabichi kwenye gunzi. Mimi meno ya mbele sina, yalibaki kwenye pembe ya ng'ombe wangu wa zamani aliyekuwa hapendi kukamuliwa. Na neno "wapendwa" sijawahi kulisema tangu nizaliwe. Mimi nasema "nyie."

"Mama, nitazame," nikamwambia, nikafungua mdomo.

Akachungulia kama anayetazama ndani ya chungu. Kisha akasema, taratibu, kama ndiye anayenionea huruma, "Lakini bibi, ulikaa mbele ya masale."

Kwetu huku mlimani masale si ua tu. Ni majani marefu ya kijani tunayoyapanda mpakani na kwenye makaburi ya wazee wetu. Mtu akikosa, analikunja jani la masale, analifunga fundo, analipeleka kuomba msamaha, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Hakuna Mchaga mwenye akili zake anayekaa mgongo wake umeelekea masale akasema uongo.

"Ungekaa mbele ya ukuta," yule mwanamke akasema, "nisingepoteza nauli yangu."

Nilimpa bakuli la mtori wa ndizi, akanywa, akashuka zake. Tangu saa ile miguu yangu haikutulia. Niliufagia uwanja, nikaufagia tena. Nilikwenda kumkatia ng'ombe majani, nikarudi na panga bila majani.

Ili mtu aelewe kilichonichoma, nimweleze kwanza mjukuu wangu. Ni mbunge. Nasema hivyo bila kushusha sauti, maana nimemlea mimi. Mama yake alikuwa anatafuta maisha Dar, mtoto akabaki na mimi kihambani, katikati ya migomba na kahawa, anakula kiburu huku analalamika kwamba maharage ni mengi kuliko ndizi. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, baba akasema inatosha. Yeye nilimwambia asome mpaka macho yamtoke.

Enzi hizo simu huku haikushika popote isipokuwa kwenye jiwe moja upande wa juu wa kanisa. Ukitaka kuongea na mwanao unapanda, unapanga foleni, zamu yako ikifika unapiga kelele "haloo! haloo!", na walio nyuma yako wanasikia siri zote za nyumba yako. Tulijua nani kaachika na nani hajatuma hela. Mjukuu wangu alikuwa anakaa juu ya jiwe lile na kitabu chake cha shule, ameshika simu yangu ya kitochi, anasubiri mama yake apige. Siku nyingine mama hakupiga. Anashuka uso umemvimba, anachukua panga anakwenda kukata majani ya ng'ombe kama anayeyalipizia kisasi. Watu husema ubunge wake ulianzia chuoni, alikosomea mambo ya kompyuta. Mimi nasema ulianzia kwenye lile jiwe.

Alipoomba kura wenzake waliahidi barabara na pembejeo. Yeye akaahidi mnara wa simu. Pale kwenye kilabu cha pombe ya mbege mzee mmoja akampigia kelele, "Binti, huo mtandao unapikwa na nyama au na maharage?"

Watu walicheka mpaka mbege ikamwagika. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake. Nikasimama.

"Wewe mzee, mkeo alipokuwa anatokwa damu, nani alipanda kwenye jiwe na mvua inanyesha kukutafutia gari? Mbona siku ile hukuuliza maharage?"

Akainamia mbege yake. Mjukuu wangu aliniambia njiani, "Bibi, nakuomba, usinisaidie tena namna hiyo." Lakini kura alipata.

Na mnara ukaja, kule juu. Shule ya kata ikapata kompyuta. Wakulima wa kahawa wakaanza kuulizana bei kabla ya kushusha magunia. Bungeni wenzake walimtania, wakamwita Mheshimiwa Bando. Nilimwona kwenye televisheni ya jirani amesimama, mwembamba kama mche wa kahawa, anasema, "Mheshimiwa Spika," na hatetemeki. Nilipiga meza mpaka chai ya wenyewe ikaruka.

Baadaye akaja na jambo jingine, sheria ya taarifa binafsi. Nikamwuliza hilo nalo ni nini. Tulikuwa tunamenya ndizi. Akasukuma maganda pembeni.

"Bibi, kihamba chako kina masale pembeni. Mtu akitaka kupita anafanyaje?"

"Anabisha hodi."

"Asipobisha?"

"Namtolea panga."

Akacheka. "Basi sura yako, sauti yako, ugonjwa wako, namba yako ya simu, vyote hivyo ni kihamba. Mimi nataka sheria iwe ndiyo masale."

Nililielewa siku ileile. Nililielewa, nadhani, kuliko alivyotaka mwenyewe.

Sasa ile video. Msimu wa kahawa uliopita mjukuu wangu alikuja na watu wa kamera. Anatengeneza filamu fupi ya kuwafundisha wazee simu janja, wazee wasiachwe nyuma. Mpiga picha alikuwa mtoto wa jirani yangu, mwanaume mzima mwenye mke, ana studio yake Moshi mjini nyuma ya soko. Akaniambia, "Bibi, kaa pale mbele ya masale, kijani kinapendeza." Nikakaa. "Bibi, geuka." Nikageuka. "Bibi, cheka." Nikacheka, nimeziba mdomo. Nilisema kutwa nzima, ya simu, ya ng'ombe, ya marehemu mume wangu aliyekuwa anakoroma. Walichukua yote. Filamu ilipotoka watu waliipenda mno, na mjukuu wangu alionekana mtu wa watu. Mimi nilitembea kanisani shingo imesimama.

Ndiyo hiyo sauti niliyoitoa siku ile, na uso nilioutoa siku ile, vikakatwa na kushonwa upya vikawa vya kuuza dawa. Mjukuu wangu alinieleza kwa simu kutoka Dodoma. Wana kitu wanakiita akili mnemba. Unakipa sauti ya mtu kinaijua, kisha kinasema chochote unachotaka.

"Na meno?" nikamwuliza.

"Na meno, bibi."

"Basi hicho kitu si kijinga sana, maana Mungu mwenyewe hajanirudishia."

Hakucheka. Basi nikajua mambo ni mabaya. Akasema nisiongee na mtu, nisifungue mlango kwa mtu wa kamera, anakuja. Bungeni walikuwa wameshamcheka. Mmoja alimwuliza waziwazi, "Mheshimiwa Bando, sisi tunapata hiyo dawa ya bibi kwa njia gani?" Na alikuwa anajiandaa kupeleka hoja yake ya sauti na sura za kughushi. Jambo alilolipigania maisha yake yote lilikuwa limemjia kwa mlango wa nyuma, limevaa kilemba changu.

Alifika Ijumaa, viatu vina tope, macho mekundu. Hakukaa. Alikuwa anatembea kutoka jikoni hadi uwanjani na simu mbili mkononi, moja ikinyamaza nyingine inalia. Mimi nami nilikuwa sikai. Tulipishana mlangoni kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea.

"Nimeshamjua," akasema. "Ni huyo wa jirani yako. Wenye dawa walimfuata studio, akawauzia kila kitu tulichorekodi, tena akawatengenezea mwenyewe."

Nilishika nguzo ya jiko. Yule mtu nilikuwepo siku aliyozaliwa. Mama yake na mimi tuliolewa huku msimu mmoja, tunatumia mfereji mmoja wa maji, zamu yake ikiisha anaufungua kwangu. Nilipolazwa kwa upasuaji, ng'ombe wangu alikamuliwa na nani?

"Jumatatu tunashuka Moshi, bibi. Unapeleka malalamiko. Wewe ndiye mwenye sura, bila wewe mimi ni kelele tu. Utakuwa wa kwanza. Nikisimama bungeni nitasema, bibi yangu mwenyewe alikwenda."

"Na atafungwa?"

"Hilo ni la mahakama."

"Nimekuuliza atafungwa?"

"Bibi, nisipomshitaki huyu, kesho nitamwambia nani ashitaki? Watasema sheria niliyoipigania ni ya kushitaki majirani wa wengine tu."

Alikuwa na haki. Nilimwambia sawa, Jumatatu. Nikaenda kupika, nikaunguza ndizi. Sijawahi kuunguza ndizi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakamua. Nikasikia "hodi" ya sauti ya kiume, nzito. Alikuwa mzee wa kanisa, amevaa koti la Jumapili. Nyuma yake jirani yangu, amejitanda kanga mbili, hanitazami. Mkononi mwa mzee jani la masale, limekunjwa, limefungwa fundo.

"Shikamoo, mama," mzee akasema, ingawa tunalingana. Ndivyo anavyosema aliyebeba masale.

Sikuitikia. Jirani yangu akapiga magoti kwenye tope la uwanja, mwanamke mwenye wajukuu, magoti yake mabovu kama yangu.

"Mwanangu amekukosea," akasema. "Nimemzaa mimi. Nimekuja mimi."

"Kwa nini hakuja yeye? Hana miguu? Ile dawa yake haijamponya?"

"Yuko nyuma ya migomba. Anaogopa panga lako."

Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Mlango ukafunguka, mjukuu wangu akatoka na simu mkononi. Aliliona jani. Amezaliwa huku, hakuhitaji kuelezwa.

"Bibi, usipokee."

Mzee wa kanisa akageuka. "Mheshimiwa, masale hayakataliwi."

"Shikamoo baba. Najua hayakataliwi. Ndiyo maana wamekuja nayo kabla ya Jumatatu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Jirani yangu akainamisha kichwa zaidi. Basi wote wakanitazama, na ng'ombe naye akanitazama maana nilikuwa sijammaliza. Nipokee au nikatae? Nikipokea, namvua mjukuu wangu nguo mbele ya watu. Nikikataa, nitafungua vipi maji ya mfereji, nitazikwa na nani, nitazikwa wapi, kwenye kihamba kilichozungukwa na hayohayo majani niliyoyakataa?

Niliwaacha uwanjani. Nikachukua panga nikaingia kwenye migomba kukata majani. Yule mpiga picha alikuwa kweli amejibanza kule, akaliona panga, akaruka mfereji akaanguka. Sikumsemesha. Nilikata majani mengi kuliko ng'ombe anavyokula. Mikono inakata, moyo unakwenda mbele unarudi nyuma. Niliporudi na mzigo kichwani walikuwa palepale, jirani yangu bado magotini, mjukuu wangu amesimama na mikono ameikunja. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake akae.

Nikatua mzigo, nikalipokea jani.

"Nimelipokea," nikasema. "Inuka, utapata baridi."

Mjukuu wangu hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya siku mama yake hakupiga simu, "Bibi, umeniua." Akaingia ndani kuchukua mkoba.

Nikamfuata. "Ngoja. Wewe ndiye uliyenifundisha sura yangu ni kihamba."

"Ndiyo. Na umempa mwizi kihamba."

"Siku ile ulipokuja na kamera, ulibisha hodi?"

Akasimama.

"Nauliza. Ulisema, kaa, geuka, cheka. Uliniuliza hata siku moja kama nataka kuonekana na nchi nzima? Uliniuliza maneno yangu ya kutwa nzima yatalala wapi? Yalilala kwenye mashine ya huyu. Aliyaokota ulipoyaacha wewe."

Akatoka, akapanda gari, akateremka mlima. Nilisikia gari likilia kwenye kona zote mpaka chini.

Nikarudi uwanjani. Jirani yangu alikuwa anamalizia kukamua. Nikamwita mwanawe atoke kwenye migomba, akaja anachechemea. Kwetu anayepokea masale anaruhusiwa kusema anachotaka, mwingine anadai mbuzi, mwingine mbege. Nikasema sitaki mbuzi.

"Kesho baada ya ibada, pale kwenye mnada, utasimama mbele ya watu. Utasema kwa mdomo wako. Si kwa simu. Kwa mdomo wako uliozaliwa nao."

"Bibi, nipe adhabu nyingine."

"Basi lete mbuzi na useme."

Siku ile iliyobaki sijui niliipitishaje. Nilimpigia mjukuu wangu, hakupokea. Nilianza kufua, nikaziacha nguo kwenye beseni. Nilipanda mpaka kwenye lile jiwe, sijui nilikuwa nafuata nini, siku hizi hakuna anayelipanda isipokuwa mbuzi. Simu ilishika vizuri sana. Hakupokea.

Jumapili watu walijaa. Kwetu Walutheri, ibada ikiisha tunatoka nje, na mazao yaliyotolewa sadaka yanapigwa mnada hapohapo uwanjani: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo anayelalamika. Mpiga mnada alipomaliza jogoo, mzee wa kanisa akasema kuna mtu ana neno. Yule mtoto wa jirani akasogea mbele, kofia mkononi, anaizungusha.

"Shikamooni wazee," akasema. "Ile video ya bibi na dawa. Ni mimi niliitengeneza. Bibi hajasema vile. Bibi hajui hiyo dawa."

Kisha mama mmoja, mnene, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya, akapaza sauti. "Na yale meno ulimtolea wapi? Mimi nami nataka!"

Kicheko kikapasuka. Hata mimi nilicheka, na sikuziba mdomo. Nikahisi mzigo unashuka mgongoni. Nilidhani yameisha.

Ndipo mzee mmoja wa Uru, shemeji wa watu fulani hapa kwetu, akainuka na fimbo yake. Hakucheka. "Mimi niliinunua," akasema. "Ninakunywa. Bibi alisema kwenye simu, ukianza hii acha vidonge vya hospitali. Nimeviacha vyangu vya presha. Sasa unaniambia nini, kijana?"

Kicheko kilikatika. Yule mpiga picha alifungua mdomo, kofia ikamdondoka. Wanawake wawili wakasogea kwa yule mzee, mmoja akamshika mkono kama vile ataanguka saa ileile.

Mimi sikuwa nimeisikiliza ile video mpaka mwisho. Nilikuwa nimeishia kwenye meno. Nilikuwa nimekasirikia meno, na kilemba, na neno "wapendwa." Kumbe mdomo wangu ule wa uongo ulikuwa umewaambia watu waache dawa zao, na masale nyuma yangu yakiwa shahidi.

Nikasogea mbele. Hakuna aliyenipa nafasi, niliichukua.

"Nyie," nikasema. "Jana nilipokea masale ya huyu. Siyarudishi. Lakini masale yale yalikuwa ya sura yangu. Hayakuwa ya presha ya mzee huyu, wala ya magoti ya yule mama wa Masama. Hayo si yangu, siwezi kuyasamehe. Wewe," nikamgeukia, "kesho unashuka Moshi polisi. Unakwenda kwa miguu yako kusema ulimtengenezea nani, wanakaa wapi, wameuza wapi. Mimi nakuja nawe. Mama yako naye anakuja. Na wewe mzee, leo hii urudi kwenye vidonge vyako, kesho uende hospitali ukapimwe, usinifie mikononi."

"Nitafungwa, bibi," akasema.

"Sijui. Nitakuletea ndizi."

Nilipogeuka nikamwona mjukuu wangu. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na pikipiki za watu, hana mkoba, ana kanga kichwani kama mwanamke yeyote. Sijui alifika saa ngapi. Watu walipomgundua wakaanza kumpisha, yeye akatikisa kichwa. Mama wa kwaya akamsukumia mkungu wa ndizi alioununua mnadani. "Chukua, Mheshimiwa, ukale Dodoma, umekonda."

Jumatatu tulishuka. Mimi, jirani yangu, na mwanawe katikati yetu kama anapelekwa kubatizwa. Mjukuu wangu alitusubiri mjini mlangoni kwa polisi. Hakuingia nasi. Alisema akiingia watasema mbunge amekuja kushinikiza. Tulipotoka jua lilikuwa kali, na mlima umevua mawingu, theluji inaonekana ile kidogo iliyobaki. Yule mtu alikuwa amesema yote. Waliokuwa wakiuza ile dawa wanatafutwa. Yeye ameambiwa atafika mahakamani akiitwa, na hajaitwa bado. Mama yake kila akisikia pikipiki inasimama huinua kichwa. Mimi nami huinua. Maji ya mfereji bado ananifungulia.

Mjukuu wangu alipeleka hoja yake. Niliitazama nyumbani kwa jirani yangu, mama wa mpiga picha, tumebanana kwenye kochi moja. Walimtania tena kidogo, kisha wakanyamaza alipofika kwenye mzee wa Uru na vidonge vyake. Hakusema kwamba bibi yake alikuwa wa kwanza kushitaki, maana sikushitaki. Alisema kwamba mtu aombwe kwanza, kabla sura yake na sauti yake hazijachukuliwa, "hata kama anayeomba ni mjukuu." Jirani yangu akanipiga kiwiko. Hoja imepelekwa kwenye kamati. Kamati ni nini nimeelezwa, nimesahau. Nimeshika tu kwamba bado inasubiriwa, na mimi kusubiri sikuwahi kukuweza.

Alipokuja mara ya mwisho kuniaga, nilikuwa uwanjani nimekaa kwenye kigoda, kitenge kilekile, masale nyuma yangu. Jua la jioni lilikuwa linapita kwenye migomba. Aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa simu, akainua, halafu akaishusha.

"Bibi. Naomba nikupige picha?"

Nilimtazama. Mtoto wa jiwe, mbunge wa nchi, ameshika simu kwa mikono miwili, anasubiri jibu.

"Leo hapana," nikasema.

"Sawa, bibi."

Akairudisha simu kwenye mkoba. Alinibusu, akapanda gari. Lilipokata kona ya kwanza nilikuwa nimeshasimama, nataka kumwita arudi, nimwambie haya piga. Nikachukua ufagio.